Barua ya wazi kwa vijana wetu wa vyuoni: hesabu, macho na hilali

Wanangu,

Assalaam alaykum. Kila Shaabani ikifika siku ya 29 mnavutana na wazee wenu, ninyi na programu za simu, wao na Hadithi ya kufunga kwa kuuona mwezi. Baadhi yenu mmeanza kusema dini inaogopa elimu. Neno hilo linaumiza, na si kweli.

Kwanza jueni hesabu yenyewe inasema nini. "Mwezi mpya" unaoandikwa kwenye simu ni ile saa mwezi unapopita baina ya dunia na jua, na hapo hauonekani. Hilali, yaani mwezi mwembamba unaoandama, ni baadaye. Mwezi ukiwa chini ya nyuzi 7 kutoka kwenye jua, macho hayaupati. Ukiwa na umri wa chini ya saa 15, ni nadra mno kuonekana bila darubini. Anayetangaza Ramadhani kwa sababu simu imesema "mwezi mpya" hajafuata Hadithi wala falaki, elimu ya nyota.

Wazee nao wana la kusikia. Wapelekeeni hoja hii kwa adabu na kwa lugha ya fiqhi, elimu ya sheria za dini. Taqi al-Din al-Subki, kadhi mkuu wa Mashafi (wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi) huko Shamu (Syria), aliyefariki mwaka 1355, alishika kwamba hesabu ya yakini ikionyesha mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa anayedai kauona unakataliwa, kwa kuwa shahidi huweza kukosea. Wapo Mashafi waliompinga, msilifiche. Na ratiba ya swala iliyobandikwa msikitini ni hesabu vilevile.

Siku ya 29, andikeni saa ya jua kuzama na saa ya mwezi kuzama. Mwezi ukitangulia, hakuna cha kutafuta. Ukichelewa dakika 45, wakati mzuri ni dakika 20 hivi baada ya jua kuzama. Dar es Salaam na Mombasa jua huzama upande wa bara, nyuma ya majumba na miti, basi pandeni juu. Unguja, ufuo wa Mji Mkongwe unatazama magharibi. Darubini isielekezwe upande wa jua kabla jua halijazama lote, inapofusha.

Mashahidi waulizwe mmoja mmoja: saa ngapi, upande gani wa pale jua lilipozama, pembe za hilali zilielekea wapi? Upande unaong'aa hulielekea jua, kwa hiyo anayesema pembe zilitazama chini ameona kitu kingine. Mawingu yakitanda na ushahidi usipatikane, Shaabani inatimizwa siku 30. Majibu yote yaandikwe, apelekewe kadhi au imamu usiku huohuo, kabla hamjatuma lolote kwenye makundi ya WhatsApp.