Barua ya Wazi kwa Vijana wa Ukoo Wetu: Tuzikane Bila Kugombea Maiti

Wapendwa wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote mlioko Wundanyi, Mwatate, Voi, Mombasa na Nairobi, pamoja na ninyi mlioko ng'ambo. Mnaosali kanisani, mnaoswali msikitini, na ninyi ambao siku hizi mnasema waziwazi kwamba hamna dini. Ningeweza kuwaita mmoja mmoja, lakini maneno yaliyorushwa katika kikundi cha ukoo baada ya mazishi yetu ya mwisho yalirushwa mbele ya wote, kwa hiyo nimeona jibu langu nalo liwe mbele ya wote. Isitoshe, wazee wa koo jirani wamenieleza kwamba kwao pia ugomvi huu umeingia, na huenda barua hii ikawafaa vijana wao.

Yaliyotokea mnayajua. Marehemu alikuwa ameacha kanisa tangu akiwa chuoni, na hakuficha. Siku ya maziko, mhubiri mgeni alishika kipaza sauti, akayapita yote mema ambayo kijana yule aliwatendea watu, akamfanya mfano wa waliopotea, kisha akawaita waombolezaji wasogee mbele waokoke huku jeneza likisubiri kuteremshwa. Mama mzazi alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo. Jioni ileile mmoja wenu akaandika kwamba sala za nyanya yake ni "kuzungumza na hewa", mwingine akamjibu kwa laana, na kwa siku kadhaa wafiwa walisoma hayo mahali ambapo wangesoma rambirambi. Kwa maoni yangu mhubiri alikosea zaidi, maana hakuna aliyeweza kumjibu pale alipo. Lakini aliyemdhihaki nyanya yake alimpiga mtu ambaye hakuwa amesema neno.

Ombi langu kwenu ni kwamba maiti ya mtu isitumiwe kuamua ni nani aliye sahihi kuhusu kifo. Aliyekufa akiwa na imani azikwe kwa imani yake, asiyekuwa nayo asivishwe imani wakati hawezi tena kuikataa, na anayelia aachwe alie kwa namna anayoijua.

Msidhani kwamba mgawanyiko huu umeletwa na intaneti. Wataita wa zamani walimjua Mlungu, yaani Mungu, lakini waliokuwa karibu zaidi na shida za kila siku walikuwa wafu wa ukoo. Mzee wa heshima alipozikwa, muda ulipopita kaburi lilifukuliwa, fuvu likatolewa na kupelekwa katika pango la ukoo, likapangwa pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Baadhi ya mapango hayo yangalipo milimani kwetu, na mafuvu yangalimo. Huko ndiko watu walikokwenda mvua ilipokosekana au ugonjwa ulipoingia nyumbani, kwa sababu mfu wa aina hiyo alikuwa bado mwanaukoo, mwenye kuweza kukasirika na kuweza kutulizwa. Kisha wamisionari wa Kianglikana wakafika Sagalla, huku kwetu Taita, mwaka 1883, Wakatoliki wakafungua misheni ya Bura mwaka 1892, na watoto wa watu walewale wakaanza kubatizwa na kukataa kufukua makaburi.

Hebu fikirini jambo hilo kwa upande wa mzee wa wakati ule. Mwanawe mwenyewe anamwambia kwamba fuvu lake litabaki udongoni, hatalala pangoni pamoja na baba zake, wala hakuna atakayekwenda kumshauri. Kwake huo ulikuwa ukatili usio na jina, nao mwana alidhani anamtii Kristo aliyeahidi ufufuo wa mwili mzima popote ulipozikwa. Wako waliokufa hawajapatana. Walio wengi, hata hivyo, waliendelea kusaidiana mashambani, wakaozana na wakazikana, na ndiyo sababu mimi na ninyi tupo. Leo wajukuu wa wale walioitwa wasaliti wa mababu wanawaita watoto wao wasaliti wa msalaba. Nimekuwa msomaji wa ibada kanisani kwa miaka mingi, na siwezi kujifanya kwamba sioni mfanano huo.

Katika ibada ya zamani kuna jambo moja ninalolionea wivu. Katika kutasa, yaani ibada ya kutupa hasira, mtu alichukua funda la pombe ya miwa au la maji, akalipuliza nje, na huku akitamka kwamba hasira iliyokuwa moyoni mwake ameitupa. Hasira ya ndani ilihesabiwa kuwa inaweza kuwaletea jamaa maradhi hata kama mwenyewe hajaitamka. Laiti tungefanya hivyo kabla ya kushika simu jioni ile.

Ninyi mlioacha dini, msiseme kwamba waumini wana neno moja tu juu ya kifo. Ndani ya ukoo huu huu, ndugu zetu Wakatoliki huwaombea marehemu na kuwatolea misa. Sisi Waanglikana hatukubaliani sote juu ya hilo. Wasabato wanasema wafu wamelala na hawajui neno lolote mpaka siku ya ufufuo, kwa hiyo hata hawasemi kwamba marehemu anatutazama kutoka juu. Waislamu wanasoma katika Qur'ani kwamba kila nafsi itaonja mauti, na msiba unapowafika husema kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mnakumbuka mazishi ya shemeji yangu kule Voi, jinsi mambo yalivyokwenda haraka: alfajiri amefariki, mchana ameoshwa na kukafiniwa katika sanda ya vipande vitatu, akaswaliwa kwa swala ya kusimama tu, isiyo na rukuu wala sijida. Kaburini alilazwa katika mwanandani, ule mfuo wa ndani ya kaburi, akielekezwa kibla, mbao zikapangwa, na kila mwanamume akatia udongo kwa mikono yake kabla ya majembe kuanza. Nilikuwa nimevua kofia kwa heshima, na kijana mmoja akaniashiria kwa adabu niivae. Hakuna aliyeniuliza naamini nini. Nilipewa jembe nami nikafukia.

Waumini wenzangu nanyi sikilizeni, maana tunapenda kusema kwamba asiye na Mungu hufa akipiga mayowe. Epikuro wa Athene, aliyeishi karibu miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba kifo si kitu kwetu: maadamu tupo, kifo hakipo, na kikiwapo, sisi hatupo tena kukihisi. Mnaweza kuona kwamba hiyo ni hoja ya maneno tu, na mimi sijapata faraja ndani yake, kwa sababu kinachonitia uchungu si hali ya marehemu peke yake bali kiti chake kitupu mezani. Lakini wako walioishi na kufa kwa hoja hiyo. Mwaka 1776 mwanafalsafa David Hume alikuwa akifa polepole kwa ugonjwa wa tumbo huko Edinburgh. Mwandishi James Boswell, aliyekuwa Mkristo, alimwendea mwezi wa Julai ili kuona kama bado anakataa uzima wa baada ya kifo hali kifo kiko mlangoni. Alimkuta ametulia, hata anafanya mzaha, akisema kwamba wazo la kutokuwapo baadaye halimsumbui zaidi ya wazo la kutokuwapo kabla ya kuzaliwa. Hume alifariki mwezi wa Agosti. Aliyetetereka ni Boswell. Alipomsimulia rafiki yake Samuel Johnson, mwandishi na mcha Mungu mkubwa, Johnson alisema kwamba Hume alidanganya. Na Johnson huyohuyo alikiri kwamba hakupata kamwe wakati ambapo kifo hakikumtisha. Alikuwa akiogopa hukumu, kwa sababu aliichukulia kwa uzito.

Nawapa habari hiyo ndefu kwa sababu nimeketi kando ya vitanda vya wagonjwa wengi kwa ajili ya kanisa, na niliyoyaona hayapingani nayo. Nimeona mama wa maombi akitetemeka, na nimeona mzee asiyeingia kanisani akigawa mbuzi wake bila wasiwasi. Anayetaka kujua dini ya mtu kwa kutazama namna anavyokata roho atakosea mara nyingi.

Kuna mstari ambao wahubiri wetu huutumia vibaya makaburini, ule wa Paulo kwa Wathesalonike kwamba tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Paulo aliandika kuwafariji watu waliofiwa ambao walihofu kwamba ndugu zao waliokufa watakosa kuja kwake Bwana. Kuuchukua ukawa wa kumnyooshea kidole jamaa aliyesimama nyuma akilia peke yake ni kugeuza dawa ya mgonjwa kuwa fimbo. Yesu mwenyewe, naye akijua atakachofanya, alilia alipoitwa kwenda kulitazama kaburi la Lazaro.

Maneno mengine husemwa kwa nia njema na bado huumiza. "Mungu alimpenda zaidi" usimwambie mama aliyempoteza mtoto, hata kama ni Mkristo, maana utamfanya ashindane na Mungu kwa upendo. "Angeokoka tu" usimwambie mtu yeyote. Nanyi msio na dini, mama huyo akisema kwamba atakutana na mwanawe, msimsahihishe, hajawauliza ushahidi. Pole inatosha, na baada ya pole kuna kuni za kupasuliwa, maji ya kutekwa, wageni wa kupokewa na chakula chetu cha kimanga cha kupondwa. Katika mazishi yale, binti yetu asiye na dini ndiye aliyekesha jikoni siku zote za matanga na kuhesabu michango ya kamati mpaka shilingi ya mwisho, ilhali baadhi ya waliokuwa wakimwombea aokoke walikuja siku ya maziko tu, wakala, wakaondoka.

Sasa nije kwenye jambo la sheria, ambalo vijana hulipuuza. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia karibu na Ngong, akisema ndivyo mumewe alivyotaka na kwamba waliishi maisha ya kisasa ya Kikristo. Ukoo wa Umira Kager ukashikilia kwamba ni Mjaluo na lazima azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki mwezi wa Mei 1987, ndipo akazikwa, takriban miezi mitano tangu afariki. Mahakama ilishikilia kwamba matakwa ya marehemu juu ya maziko yake yana uzito lakini hayalazimishi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 32, inalinda uhuru wa dhamiri, dini na fikra, na katika sensa ya mwaka 2019 zaidi ya watu 700,000 nchini walijitambulisha kuwa hawana dini; hata hivyo mwili wa mtu haujisemei mochwari. Kuandika ni jambo jema, lakini anayeandika kisha akaficha karatasi ndani ya sanduku hajamsaidia mtu. Waambieni wake zenu, waume zenu, wazazi wenu na angalau mzee mmoja wa ukoo, mkiwa wazima, na muwaambie pamoja ili asitokee mmoja wa kudai kwamba yeye aliambiwa vingine.

Msiogope kwamba mtasema jambo geni. Wengi wenu mlishtuka aliposema mmoja wenu kwamba anataka kuchomwa, mkasema huo ni upagani. Askofu Mkuu Manasses Kuria, aliyeliongoza Kanisa letu la Kianglikana nchini, alipofariki mwaka 2005 mwili wake ulichomwa, na mkewe alikuwa amemtangulia kwa njia hiyohiyo. Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti tangu mwaka 1963, ingawa linataka majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Profesa Wangari Maathai, mwaka 2011, hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake; lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kisha mwili ukachomwa Kariokor, mahali pa kuchomea maiti Nairobi. Mimi binafsi sitaki kuchomwa, na Waislamu wetu dini yao inawakataza, lakini kutotaka kwangu si amri kwa mjukuu wangu.

Ili nisiwe mtu wa kuagiza wengine tu, haya ndiyo yangu. Nizikwe hapa nyumbani, upande wa chini wa kaburi la mama yenu mkubwa, kwa ibada ya kitabu cha sala na bila mahubiri ya zaidi ya robo saa. Pasiwe na wito wa kuokoka kaburini. Anayetaka kuokoka kanisa liko wazi Jumapili. Wasifu wangu usomwe na yule mjukuu asiyeamini, kwa sababu ndiye anayejua kusoma kwa sauti inayofika nyuma, wala asilazimishwe kusema "amelala katika Bwana" ikiwa maneno hayo hayatoki kinywani mwake. Kasisi atayasema, naye anayaamini. Waislamu wakifika wapewe majembe kama wao walivyonipa. Atakayetaka kunyamaza wakati wa sala anyamaze amesimama. Haya yote nimeyaandika na kutia saini mbele ya mashahidi wawili, karatasi moja iko kwa kasisi wa parokia, ya pili kwa shangazi yenu mkubwa, na ya tatu nitaipeleka kwa chifu wiki ijayo miguu ikiniruhusu. Nanyi nataka niione mihtasari ya matakwa yenu ya maziko kabla ya Krismasi, hasa wewe uliyeandika ile habari ya hewa, na wewe uliyemlaani.

Ni mimi babu yenu,
Wundanyi, Taita