Mkataba wa nyumba ukiisha, andikeni mwingine

Mhariri,

Nina nyumba za kupangisha Tudor, Mombasa. Mkataba wa mpangaji wangu mmoja uliisha nami nikazembea. Kodi yaingia kwa M-Pesa kila mwezi, ya nini kuhangaika? Kumbe Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 60, yasema mwenye nyumba akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya mkataba kuisha, upangaji huwa wa mwezi hadi mwezi. Yaani yeyote kati yetu angeweza kutoa notisi fupi tu. Na mpangaji mwenyewe (kusema kweli) halipi kwa kufuatwa, na paa likivuja hunijulisha siku iyo hiyo. Juzi tumetia saini miaka miwili, kodi ile ile.

Mwenye nyumba,
Tudor, Mombasa