Zambarau za Ahmedabad

Ahmedabad, India
Septemba

Shoga yangu Rehema,

Salamu kwanza. Mimi mzima, masomo yanakwenda, na mvua za huku zimeanza kupungua. Barua yako niliisoma mara mbili siku ile ile, na usiku nikawasha taa nikaisoma tena. Umenieleza habari za yule mwenzako wa duka aliyekukimbia na hela za mtaji, ukamalizia: "Namwachia karma, itamnyoosha." Wiki tatu sasa neno hilo halijanitoka. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana ningesema pole tu, kisha tungehamia kwenye mengine.

Unajua nimepanga kwa bibi mmoja wa Kijaini, dini ya kale ya huku India. Wapangaji wote tunamwita Ba, kama Wagujarati wanavyowaita mama na bibi zao. Jikoni kwake huoni kiazi, kitunguu wala karoti, kwa sababu ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima, pamoja na vijidudu waliomo udongoni. Jua likishazama hatii kitu mdomoni. Siku moja sisimizi waliingia kwenye kopo lake la sukari. Kwetu tungelianika juani na kulikung'uta. Ba aliliweka kivulini, akaegemeza kijiti ukingoni mwa kopo, akakaa pembeni kuwasubiri washuke mmoja mmoja. Chai ya asubuhi hiyo tuliinywa bila sukari.

Nikamuuliza kama anaogopa karma. Akasema karma si mtu hata aogopwe.

Kwao karma ni kitu hasa, chembe nyembamba kuliko vumbi, zimejaa kila mahali. Roho, wanayoiita jiva, kwa asili yake ni safi, inajua yote, ina raha isiyokwisha. Lakini kila tunapotenda, tunaposema au kuwaza, chembe zile huijia. Kinachozigandisha ni hasira, kiburi, hila na tamaa. Ba alikuwa ametoka kujipaka mafuta ya nazi nywele, viganja bado vinameta. Akapitisha kimoja juu ya kizingiti, akanionyesha: chote cheusi. "Kingekuwa kikavu," akasema, "ningepuliza tu."

Basi hakuna hakimu hapo, wala karani wa kuandika madeni. Aliyekula hela zako amejipaka mwenyewe, umwombee mabaya usimwombee. Na hasira unayolala nayo haimfikii yeye, shoga. Mafuta unajipaka wewe. Sisi tunasema mchuma janga hula na wa kwao. Mjaini hapo atakukatalia, kwake kila roho hula peke yake ilichochuma. Sikwambii usidai. Dai mpaka shilingi ya mwisho, nenda baraza la kata ikibidi. Nasema habari ya usiku, taa ikishazimwa.

Sasa sikiliza hadithi ya zambarau. Huku zinaingia sokoni Juni na Julai, mvua zinapoanza, zinauzwa kwenye mikokoteni na kunyunyiziwa chumvi, na ulimi unageuka rangi vilevile kama sisi tulipokuwa tukitoka madrasa. Wenyewe wanaziita jambu. Nilimletea Ba fungu moja, akanisimulia huku anazichagua. Watu sita wenye njaa walifika chini ya mzambarau. Wa kwanza akasema, tuung'oe na mizizi yake. Wa pili akasema, tukate shina tu. Wa tatu, matawi makubwa. Wa nne, vitawi vyenye vichala. Wa tano, tuchume matunda basi. Wa sita akasema, hizi zilizoanguka chini zinatutosha. Njaa ni ile ile na mti ni ule ule. Wajaini husema kila roho ina rangi yake, kuanzia nyeusi ya yule wa kwanza mpaka nyeupe ya yule wa sita. Kilichonishika mimi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa ameugusa mti. Rangi ilishaingia tangu kwenye kutaka.

Namna ya kujisafisha wewe utaielewa upesi kunishinda, umekulia kwenye ngalawa za baba yako. Ngalawa ikivuja, kukumba maji kwa upo bila kuziba tundu ni kazi bure. Kwanza unakalafati: huumizi kiumbe, husemi uongo, huibi, unajizuia na zinaa, hujilimbikizii mali. Hiyo wanaiita samvara. Ndipo unakumba yaliyokwisha ingia, kwa kufunga, kutubu, kutafakari na kuhudumia wengine, nayo ni nirjara. Mahavira, wa 24 na wa mwisho katika walimu wao wakuu, aliondoka nyumbani akiwa na miaka 30, na alikaa miaka zaidi ya 12 katika kufunga na kunyamaza kabla hajafikia ujuzi kamili.

Mwisho wa safari ni moksha. Wanaufananisha na kibuyu kikavu kilichokandikwa udongo tabaka nane, kwa kuwa aina za karma ni nane. Ukikitupa majini kinazama. Udongo ukilowa na kubanduka, tabaka baada ya tabaka, kinapanda chenyewe. Roho nayo hupanda mpaka kileleni mwa ulimwengu, ikakaa huko bila mwili, haizaliwi tena.

Chenyewe, bila wa kukivuta! Hapo ndipo paliponikaa vibaya. Mimi nimelelewa kumwomba Mola anighufirie, na bado namwomba kila usiku. Wao hawana muumba wala wa kuwafutia. Hata Mahavira kaonyesha njia tu. Nilimwambia Ba kwamba naona huo ni upweke mkubwa. Hakukasirika. Alinipeleka mlangoni, kwenye alama ya dini yao, akanisomea maneno yaliyo chini yake: kazi ya roho ni kusaidiana.

Wiki iliyopita walimaliza Paryushan, siku zao nane za toba. Ba alifunga zote nane, maji ya kuchemsha tu, na kabla ya magharibi hayo nayo anayaacha. Siku ya mwisho jioni, miguu inamtetemeka, alipita chumba kwa chumba. Akasimama mlangoni kwangu, mikono ameikutanisha, akasema "Michhami dukkadam", yaani mabaya yangu yote yabatilike, nisamehe. Ananiambia mimi, mtu wa kuwa mjukuu wake. Sikupata la kujibu. Nilifunga mlango nikachukua karatasi hii.

Rehema, mama yako alipofariki nilikaa siku tisa sijakupigia. Nilikwambia nilikuwa na mitihani. Mitihani ilikuwa siku mbili. Siku saba zilizobaki nilikuwa naogopa kukusikia ukilia nami niko mbali, nikaacha ulie peke yako. Hukuwahi kuniuliza, nami nikajifanya limepita.

Nisamehe, shoga yangu.

Wako,
Mwanahawa