Mahindi hayaharibiki tu: hubunguliwa, huvunda, huota kuvu

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa mavuno unapokaribia hapa Dodoma, matangazo ya redioni na vipeperushi vinavyobandikwa kwenye ofisi za vijiji hurudia sentensi moja: "Hifadhi mazao yako yasiharibike." Neno kuharibika halina kosa, ila tumelifanya gunia la kutia kila kitu. Gari huharibika, simu huharibika, tumbo huharibika, mimba huharibika. Ukimwambia mkulima wa Kongwa au Chemba kwamba mahindi yake yataharibika, hujamwambia yatapatwa na nini, na kwa hiyo hujamwambia afanye nini. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kila aina ya ubovu, na kila neno linakuja na dawa yake.

Tuanze na kuoza. Hili ni neno la vitu vyenye maji na mnofu: embe, papai, nyanya, nyama, jino, hata mti uliosimikwa kwenye udongo wenye unyevu. Uozo huanza mahali pamoja, pakalainika na kubadilika rangi, kisha ukasambaa kwa jirani. Ndiyo maana nyanya iliyopasuka hutolewa kwenye tenga siku hiyohiyo. (Msomaji mgeni wa lugha asishangae akisikia baba "amemwoza" binti yake, huyo ni mtoto wa kitenzi oa, hana undugu na embe.)

Kuvunda ni jambo jingine. Kinachovunda ni kile kilichofungiwa pamoja na joto na unyevu, na alama yake ya kwanza ni harufu nzito, yaani uvundo. Nyama iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki juani huvunda. Mahindi yaliyonyeshewa kisha yakafunikwa turubai huvunda pia. Ingiza mkono katikati ya lundo utasikia joto, ilhali juu ni baridi. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa kuvundika, kazi ya kufukia au kufunika ndizi mbichi ili joto liziivishe. Joto linaloivisha ndizi ndilo linaloangamiza nafaka, na lugha imelijua hilo siku nyingi.

Kuchacha ni kwa chakula kilichopikwa. Maharage yaliyofunikwa jioni yangali ya moto, asubuhi utayakuta na povu jeupe pembezoni mwa sufuria, viputo vidogo vikipanda, na mchuzi unaovutika ukiuinua kwa mwiko. Kilichotokea ni kwamba kifuniko kilizuia joto lisitoke, chakula kikabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu ndilo bakteria wanalolipenda. Mwezi Oktoba na Novemba, jua la Dodoma linapokuwa kali kabla ya mvua, hali hiyo huja mapema zaidi. Kuyachemsha tena hakuyarudishi, kwa sababu baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria hustahimili moto. Ya kulala yamwagwe kwenye chombo kipana yapoe upesi, ndipo yafunikwe. Neno lenyewe limetembea mbali: mechi huchacha, na kijana asiye na hela husema amechacha.

Lakini kuchacha si kuchachuka kwa makusudi. Togwa huchachuka, na bila uchachu si togwa. Juisi ya zabibu, yaani mchuzi wa zabibu kama wakulima wetu wanavyouita, lazima uchachuke ili uwe mvinyo; ukiachwa wazi kwenye hewa baada ya hapo ndipo huwa siki. Vivyo hivyo maziwa yakiganda ni mtindi, watu wanakunywa. Yakikatika jikoni wakati wa kuchemshwa, ni kwamba yalishaanza kuingia uchachu kabla hayajafika kwenye moto. Mayai nayo yana neno lao peke yao, viza, wala halihitaji maelezo kwa aliyewahi kulipasua moja.

Sasa turudi kwenye nafaka, maana hapa kosa la neno linagharimu maisha.

Mahindi yaliyotobolewa na wadudu yamebunguliwa. Wanaobungua ni fukusi na dumuzi. Dumuzi asili yake ni Amerika ya Kati; barani Afrika aligunduliwa kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi wakambandika jina la lori la Scania kwa jinsi anavyosomba mzigo. Dalili zake ni matundu ya mviringo kwenye punje na unga mwingi chini ya gunia. Dawa zake zinajulikana: kiuadudu cha unga, kwa dawa nyingi gramu 100 kwa gunia la kilo 100 (kibandiko kisomwe, maana si zote zinafanana), au mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Mfuko huo una plastiki mbili ndani na kiroba nje. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota na funga kila tabaka peke yake. Wadudu waliobaki ndani huimaliza hewa wanayoihitaji, kisha hufa.

Mahindi yaliyoota kuvu ni habari tofauti kabisa. Kiuadudu hakiui kuvu, na mfuko wa tabaka tatu haukaushi mahindi. Ukitia mahindi mabichi humo, utafungua baada ya miezi miwili ukutane na uchachu na uvundo pamoja. Mkulima aliyeambiwa tu "yasiharibike" hununua dawa ya unga, akapulizia mahindi yenye unyevu, akalala usingizi akidhani amemaliza kazi.

Dawa ya kuvu ni ukavu. Mahindi yanatakiwa yafike unyevu wa asilimia 13.5 au chini ya hapo kabla ya kuhifadhiwa. Asiye na kipimo atumie chupa na chumvi. Chupa iwe ya kioo, kavu kabisa. Chumvi ianikwe juani kwanza mpaka iwe tifutifu. Tia punje hadi theluthi ya chupa, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15. Isipoganda, yote ikashuka chini, mahindi yako chini ya asilimia 15. Wengi hukosea hapa: chini ya 15 bado si 13.5. Yaanikwe siku moja au mbili zaidi, juu ya turubai na si juu ya udongo.

Tunalisisitiza hili kwa sababu mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu iliyokuwa ndani ya mahindi. Sumu hiyo tunaiita sumukuvu, na ni neno lililoundwa vizuri, kwa kuwa linamtaja mhalifu. Haina ladha wala harufu, kupika ugali hakuiondoi, na punje inaweza kuwa nayo bila ukungu kuonekana kwa macho. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ya chakula ni mikrogramu 10 kwa kilo. Wapo wanaosema nchi yetu ni kavu, kuvu itatoka wapi. Ukame wenyewe ndio mlango: mmea uliokosa maji wakati wa kujaza punje hudhoofika, na kuvu huingia mahindi yakiwa bado shambani.

Karanga nazo ziko hatarini vilevile. Wanaozinyunyizia maji ili maganda yalainike na kubanguka upesi wanaikaribisha kuvu kwa mikono yao. Na mahindi "yaliyoharibika" wasipewe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sehemu ya sumu hupita kwenye maziwa na kumrudia mtoto. Yaliyobunguliwa bila kuvu, ng'ombe atakula. Je, neno kuharibika linamwonyesha mfugaji tofauti hiyo?

Ombi letu kwako, Mhariri, na kwa wanaoandika vipeperushi, ni kwamba tangazo la msimu ujao lisomeke hivi: Anika mpaka chumvi isigande, kisha ongeza siku mbili, yasiote kuvu. Toa hewa na funga kila tabaka, yasibunguliwe. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, yasivunde.

Wasomaji wenu,
Dodoma