Usikivu baada ya upasuaji wa sikio la kati: mgonjwa atarajie nini

Katika kituo chetu cha kupima usikivu hapa Mjini Unguja, swali tunaloulizwa zaidi na watu waliokwishafanyiwa upasuaji wa sikio, wawe wametibiwa Dar es Salaam au India, ni kwa nini sikio limekauka vizuri na usaha umekatika, lakini bado hawasikii kama zamani. Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba upasuaji huo una makusudio mawili, na moja linaweza kutimia bila ya jingine.

Kusudio la kwanza ni sikio kuwa salama: ugonjwa uondolewe na tundu la kiwambo, yaani ngozi nyembamba ndani ya sikio inayotetemeshwa na sauti, lizibwe, aghalabu kwa utando unaochukuliwa juu ya msuli wa kichwani au kwa kipande cha gegedu la sikio lenyewe. Kwa wagonjwa walio wengi, hili hufanikiwa. Kurudisha njia ya sauti ndiko kugumu zaidi. Nyuma ya kiwambo kuna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokezana mtetemo wa sauti hadi sikio la ndani. Usaha wa miaka mingi huvila vifupa hivyo, na mara nyingi ncha ya fuawe ndiyo inayotangulia. Daktari huweka kifupa bandia, siku hizi mara nyingi cha metali ya titani. Kikuku kikiwa kizima, kifupa bandia kifupi hukaa juu yake na matokeo huwa mazuri zaidi. Kikibaki kitako chake tu huhitajika kirefu, ambacho huyumba kwa urahisi.

Ili kujua upasuaji umeleta nini, tunapima kwa njia mbili. Kwanza tunapitisha sauti kwenye tundu la sikio kwa vipokea sauti, ndicho kipimo cha hewa, kisha tunaweka kitetemeshi kidogo kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ndicho kipimo cha mfupa, ili sauti ifike sikio la ndani bila ya kupita kwenye kiwambo na vifupa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo hasara inayoweza kurekebishwa na mpasuaji, na kwa desturi ya madaktari, tofauti hiyo ikishuka hadi desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti) 20 au chini yake, upasuaji huhesabiwa kuwa umefanikiwa.

Tuchukue mfano, tukijua kwamba namba ikiwa ndogo mtu anasikia vizuri zaidi. Mtu ambaye kipimo chake cha mfupa ni desibeli 15 na cha hewa ni 55, akitoka katika upasuaji na kipimo cha hewa cha 30, atafuata mazungumzo ya barazani bila ya taabu kubwa. Mwingine kipimo chake cha mfupa ni 50 na cha hewa ni 75. Hata daktari akiishusha hewa mpaka 60, kazi ambayo ni nzuri kwelikweli, mtu huyo bado atahitaji shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kwa sababu sikio lake la ndani limedhoofika na upasuaji huu haulifikii. Inatuuma kumwona mgonjwa kama huyo akiamini kwamba ameharibiwa, ilhali sikio lililokauka ndilo linalomwezesha kuvaa kifaa bila ya kuloweshwa na usaha kila siku.

Kwa hiyo tunaomba karatasi ya kipimo kilichofanywa kabla ya upasuaji ihifadhiwe vizuri, maana bila ya hiyo hatuna cha kulinganisha. Wiki za mwanzo sikio huwa limejaa pamba na damu iliyoganda, na kuziba huko hakumaanishi chochote kuhusu matokeo. Kipimo cha maana hufanywa baada ya miezi miwili au mitatu, kisha hurudiwa kwa muda mrefu, kwani kifupa bandia kinaweza kuhama na ugonjwa unaweza kurudi.

Maji yasiingie mpaka daktari aruhusu. Wakati wa kuoga, pamba iliyopakwa mafuta ya mgando huwekwa mlangoni mwa sikio, na anayetia udhu apanguse sehemu ya nje tu kwa kidole chenye unyevu, asikiingize ndani. Watoto wanaopenda kupiga mbizi baharini wangoje zaidi. Mafuta ya moto, unyoya wa kuku na vijiti visitiwe kabisa sikioni.

Wateja wanaotoka Pemba tunawaomba watupigie simu kabla ya kupanda boti, ili vipimo vyote viwili vifanyike siku moja, na waje na karatasi zao zote za hospitali.