Paipu za breki na za mafuta kwa pikapu za zamani: hapa kwetu chumvi ndiyo inazila

Juzi alfajiri mteja mmoja wa gereji yetu anayebeba samaki alikuwa anateremka kwenda feri ya Likoni, breki ya kwanza ikashika vizuri, ya pili pedeli ikazama karibu ifike sakafuni. Na mbele yake watu wanateremka kwa miguu, si mwajua vile kunavyokuwa pale asubuhi. Akavuta hendibreki, akarudisha gia ya kwanza, gari ikaenda kuegemea ukingo ikasimama. Hakuumia mtu, alhamdulillahi.

Tulipoiingiza kwenye shimo, ile paipu ya breki inayokwenda nyuma ilikuwa nyeusi inang'aa, ukiiangalia tu wasema hii mpya. Nikaikwaruza kidogo na bisibisi pale kwenye klipu inayoishika kwa chesi, rangi ikabanduka na chuma chenyewe, chini yake unga mwekundu mtupu. Kuna fundi aliipiga rangi juu ya kutu na mwenye gari akaamini iko sawa. Hilo liliniuma, maana huyu ni mtu anayeitunza gari yake kwa kweli.

Sasa kwa nini hapo kwenye klipu? Kwa sababu matope na chumvi hujibana pale na hapakauki. Barafu ya samaki ikiyeyuka maji yanapenya kwenye bodi yanadondokea chesi kila siku, na hata kama wewe wabeba mbao au soda, upepo wa bahari unakufikia tu. Halafu kuna hili wengi hawalifikirii, wanaoosha magari wengi huku watumia maji ya kisima na visima vingi vya Mombasa ni maji ya chumvi, yaani walipa pesa upigiwe maji chini ya gari na kumbe ndiyo waongezewa chumvi. Mwambie akumalizie na maji matamu, hata ndoo mbili tu chini kule.

Tukikwambia tubadilishe paipu yote usidhani twataka kukukamua. Tairi lako wajaza upepo wa PSI 35 au 40 hivi, lakini ukikanyaga breki kwa nguvu presha ndani ya paipu inaweza kupita 1000 kwa kipimo hichohicho, kwa hivyo ile ya kukata kipande kibovu ukaunga na mpira na klipu mbili haishiki, itachomoka siku ile umekanyaga kwa shida. Na paipu ya shaba ya friji pia hapana, gari ikitikisika miezi na miezi ile shaba inakuwa ngumu halafu yapasuka. Sisi twaweka ya shaba iliyochanganywa na nikeli ambayo haishiki kutu, na mdomo wake twaukunja mara mbili kwa mashine, sio kwa nyundo. Mafuta ya breki yenyewe yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya huku mwaijua, mafuta mapya ya breki ya aina ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 lakini yakishanywa maji yaweza kuchemka kwa 140, na hayo maji yanaila paipu kwa ndani. Badilisha kila miaka miwili.

Upande wa mafuta, wenye dizeli ndio wanapoteza pesa bure. Gari inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, ananunua betri, anabadilisha plagi za hita, bado. Kumbe paipu ya kutoka tangi ina kitundu kama cha sindano. Haivuji chini kwa sababu pampu inavuta, inaingiza hewa badala ya kutoa dizeli, na usiku mafuta yanarudi tangi. Ukipampu kwa mkono pale juu ya filta na gari ikawaka mara moja, tuhumu paipu kwanza. Ya petroli ni hatari zaidi, ukisikia harufu usiseme ni kawaida ya gari kuukuu, tone likiangukia egzosti iliyo moto sana gari yaweza kuungua. Na tafadhalini ile mipira ya plastiki inayoonyesha ndani msiiwache humo, petroli inaikausha mpaka yavunjika kama kijiti.

Ukileta pikapu kwetu tunaipandisha, twaosha chini, twasugua kila klipu na brashi ya waya na tunakuita uje uone mwenyewe kabla hatujafungua nati yoyote. Kwanza jaribu hili nyumbani: washa injini gari ikiwa imesimama, kanyaga breki ushikilie nusu dakika. Pedeli ikiwa inashuka polepole chini ya mguu wako, usiiendeshe hata kama gereji yetu ni mtaa wa pili. Zima, ita gari la kuvuta au tupigie tuje tuichukue.