Iginla hakuwa "mtangulizi" wa mtu

Mhariri,

Miaka kumi na tisa nawasoma bila kuwaandikia hata mstari. Hata siku mlipoihamishia Calgary yetu ya Alberta katika jimbo la British Columbia nilinyamaza, nikasema ni uchovu wa usiku. Lakini ile ripoti yenu ya washambuliaji wa nguvu wa hoki ya barafu, wale wanaofunga mabao na kugongana kwa mabavu, imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwandishi wenu kawapanga Tom Wilson wa Washington, Matthew Tkachuk wa Florida na mdogo wake Brady wa Ottawa, kila mmoja na kimo chake na kilo zake, kama mbuzi wa mnadani. Halafu huko chini, karibu na tangazo la kutuma pesa nyumbani, ndipo alipomkumbuka Jarome Iginla, mshambuliaji wa zamani wa timu yetu ya Calgary Flames, akamwita "mtangulizi" wao. Mtangulizi! Kama vile kazi yake ilikuwa kufagia njia wakubwa wapite.

Wilson ana mita 1.93, sibishi. Iginla hakufika hata 1.90. Ila msimu wa 2001–02 alifunga mabao 52, ligi nzima ya NHL hakuna aliyemfikia, na alipotundika viatu alikuwa na mabao 625 katika mechi 1,554. Hao wenu wakifika huko, mniandikie.

Mmesifu sana zile ngumi za Montreal za Februari 2025, Marekani na Kanada, mapigano matatu ndani ya sekunde 9 za mwanzo. Nilizitazama. Mtu hajatoa hata jasho, kisahani kinachochezwa badala ya mpira hakijapata mikwaruzo, tayari glavu ziko chini. Huo ni ugomvi wa miadi, Mhariri, kama wa watoto waliokubaliana wakutane nyuma ya choo baada ya kengele. Iginla alipozichapa na Vincent Lecavalier wa Tampa Bay ilikuwa fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ligi, ya mwaka 2004, nyota wa huku na nyota wa kule, na usiku huohuo akafunga bao. Na mechi ya tano ya fainali hiyo, kule Tampa, muda wa nyongeza: helmeti imemtoka, nywele zimelowa, mtu kichwa wazi anang'ang'ania kisahani pembeni kama anayegombea daladala ya mwisho, anapiga shuti, kipa Khabibulin anatema, mwenzake Saprykin anamalizia. Mimi wakati huo nilikuwa nasafisha ofisi za watu usiku, redio ndogo imening'inia kwenye toroli la ndoo. Msimamizi alinikuta nimelala chali kwenye zulia la meneja nikicheka peke yangu. Alinikata saa mbili za mshahara na sikujuta. Sasa mnaniambia hakutwaa Kombe la Stanley, Matthew Tkachuk analo mara mbili, basi mjadala umekwisha? Tkachuk alianzia hapahapa Calgary, akatuacha, akalipata kombe kwenye joto la Florida. Hongera zake. Iginla alikaa nasi tangu 1996 hadi 2013, na kama waamuzi wa mechi ya sita wangetazama vizuri ule mguu wa mwenzake Gelinas uliokipeleka kisahani golini, leo msingekuwa na la kuandika. Kisahani kilivuka mstari wa goli. Nitazikwa nikisema hivyo.

Lakini siwalaumu ninyi peke yenu. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu dukani kumchapishia jezi, namba 12 ya Iginla. Kijana wa kaunta akatazama kompyuta yake, akaniambia kwa huruma, kama anayemsemesha mgonjwa, "Mzee, timu haina mchezaji namba 12." Ndiyo haina! Haina kwa sababu ilipandishwa kwenye dari la uwanja wetu wa Saddledome Machi 2019, asiivae mwingine. Nikamtajia jina herufi kwa herufi. Baada ya nusu saa akanikabidhi jezi imeandikwa IGNILA mgongoni, na eti kilichochapishwa kwa oda hakirudishwi.

Na tukiwa bado dukani: nani alipanga bei za vifaa vya watoto? Viatu vya kuteleza, kinga za magoti, gongo linalovunjika wiki ya pili, na bado hujalipia saa za barafu, ambazo kwa watoto wetu huwa saa kumi na mbili asubuhi. Baba yake Iginla alitoka Nigeria. Naye mwenyewe alikuwa akitoa fedha kwa KidSport kwa kila bao alilofunga, ili watoto wa wasio nacho wacheze. Hilo halikuingia kwenye kilo zenu.

Nashauri hivi. Kabla hajaandika tena neno "nguvu", mwandishi wenu afungiwe chumba kimoja na mkanda wa ile mechi ya tano, sauti imezimwa, chai isiyo na sukari, ahesabu kwa kalamu ya risasi ni mara ngapi mtu yule anasukumwa ukutani na kuendelea. Akipoteza hesabu aanze upya. Akimaliza apite kwangu, jezi ya IGNILA ipo, haijavaliwa, naweza kumuuzia kwa bei niliyonunulia.

Mzee wa Forest Lawn,
Calgary, Kanada